Kipande cha Ukoko

Asubuhi hiyo wali uliungua, kwa kuwa Sikudhani alisinzia jikoni. Ilikuwa siku ya tano mumewe amelala akiutazama ukuta, hataki kula wala kusema. Mtawa wa hekalu la Buddha alipopita na bakuli lake, kama kila asubuhi, Sikudhani alimletea ukoko mtupu.

"Leo ni huu tu, baba. Na kesho usije. Nimechoka kutoa, nimechoka hata kuomba."

Mtawa aliupokea kwa mikono miwili. "Wewe umekula, mama?"

Hakuna aliyemuuliza hivyo tangu ugonjwa uingie nyumbani. Alitikisa kichwa.

"Basi keti ule. Buddha mwenyewe alifunga mpaka akabaki mifupa. Aliyemwinua ni mwanamke mmoja na bakuli lake la wali."

"Wa kwake haukuungua," alisema Sikudhani, lakini akaketi.

Mtawa aliuvunja ukoko, akampa upande mkubwa. Wakatafuna pale kizingitini kwa kelele, kama mbuzi wawili.

Ndani, kitanda kililia.

"Mnatafuna nini huko?" iliuliza sauti nyembamba.

Sikudhani aliutazama mkono wake. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja.