Mguu wa Kulia

Treni ya umeme ya saa mbili asubuhi ilijifunga breki yenyewe kabla ya kufika stesheni. Sikudhani, dereva wake, alitazama vipimo harakaharaka. Umeme upo. Milango imefungwa. Taa mbele ni kijani.

"Dada Sikudhani, mbona umesimama?" sauti ya mwongozaji iliuliza redioni. "Nyuma yako kuna treni tatu."

"Ni hii pedali, kaka. Mbovu!"

Pedali hiyo dereva huikanyaga safari nzima. Akiiachia tu, treni husimama.

"Una hakika umeikanyaga?"

"Nimeikanyaga tangu tulipotoka! Unanifundisha kazi?"

Aliinama kutazama. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeteleza pembeni, kiatu kimeegemea ukuta, naye hakuhisi chochote. Ni ganzi ileile aliyomficha daktari wa kazini.

Aliunyanyua mguu kwa mikono miwili, akaurudisha juu ya pedali na kuukandamiza hapo. Breki zikaachia. Nyuma yake abiria walianza kugonga mlango.

"Dada, nikuletee fundi?"

Redio ilikuwa mbele yake, na mpini wa kuondoshea treni pia, lakini mikono yake yote miwili ilikuwa gotini.