Sumaku ya Spika

Wangila mwenyewe ndiye aliyeing'oa sumaku kwenye spika mbovu, ili binti yake afanye jaribio la shule. Mtoto akazunguka chumba chao cha mtaa wa Lindi akigusisha kila kitu. Kijiko kikanata. Sufuria ikakataa. Kufuli ikanata.

"Tichi alisema dhahabu haishikwi," akawaambia akina mama wa kanisa waliokuja kunywa chai. "Mum, leta mkono."

Wangila akanyoosha mkono amzuie, akachelewa.

Tak. Sumaku ikaing'ang'ania pete ya ndoa ya mama, ile ambayo Wangila aliapa siku ya harusi kwamba ni dhahabu tupu.

Vikombe vikatulia. Wangila akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni damu hiyo," mkewe akamwambia mtoto polepole. "Si damu iko na chuma? Sumaku inavuta kidole."

Kisha akaivua pete, mtoto asije akajaribu tena, akampa Wangila amshikie.

Ndani ilikuwa imepakwa kuteksi ya kucha isiyo na rangi, tabaka juu ya tabaka, vile wanawake hupaka pete bandia zisiwachafue vidole. Tabaka la chini kabisa lilikuwa limeshageuka manjano kwa uzee.