Tone la Rahimu

Sabiha, mpimaji wa zahanati, alibana mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kikamtokea puani.

"Unaona nini, mwanangu?" Bi Mwantum aliuliza akiwa mlangoni mwa maabara.

"Mbegu ziko hai, mama. Tena zimejaa tele."

Bi Mwantum akapiga kigelegele mpaka wagonjwa wa malaria wakainua vichwa kwenye benchi. Mwanawe, Rahimu, akatazama viatu vyake. Mke wa Rahimu, Sikuzani, akajifunika kanga usoni. Miaka saba ya ndoa, hakuna mtoto. Wazee walikuwa wameamua: mbegu za Rahimu zikionekana nzima, basi kosa ni la mke, na kesho atapanda basi la Kondoa, kwao, talaka mkononi.

Kichupa cha mbegu kilikuwa kimechelewa kufika. Rahimu alieleza kwamba nyumbani kulijaa wageni, ikambidi akatafute faragha kwa rafiki yake Thomas, kwenye shamba la mifugo kule Ihumwa.

Sabiha akainamia tena hadubini. Zahanati ile ya binafsi, kama nyingine zilizochipuka Dodoma baada ya ruhusa ya serikali, ilikuwa na hadubini moja tu, lakini ilionyesha vizuri. Viuzi vya mbegu vilisongamana hata vikakosa pa kupenya, na kwa msongamano ule vikaenda pamoja, wimbi baada ya wimbi, vikizunguka kama vumbi la mwezi wa nane. Akalizimua tone kwa maji ya chumvi. Mara kila kiuzi kikashika njia yake, kama watu mnada ukivunjika. Akaweka tone jingine, zito. Mawimbi yakarudi.

Mawimbi ya namna hiyo aliwahi kuyaona mara moja tu maishani, kwenye ziara ya chuo, kituo cha mifugo cha Mpwapwa.

Akacheka mpaka miwani ikaingia ukungu.

"Andika, mwanangu," Bi Mwantum akahimiza. "Andika herufi kubwa, wazee wasisumbuke."

Sabiha, ambaye hata kumwamkia mgeni humtoa jasho, akaandika, akagonga muhuri. Bi Mwantum akanyoosha mkono. Sabiha akampita, akampa Sikuzani ile karatasi.

"Soma wewe, dada. Kwa sauti, wote wasikie."

Sikuzani akafuta macho, akasoma polepole:

"Mbegu ni nzima, tena nyingi mno. Mwenyewe ana uwezo kamili wa kupata ndama."