Ndugu wa Damu

Sheria ilikuwa moja nchini kote: kifaa cha kumsaidia dereva hakiuzwi katika mji mpya mpaka ndugu wa damu wa mtengenezaji apande gari la kwanza, usukani na breki vikiwa mikononi mwa kifaa. Mtengenezaji mwenyewe haruhusiwi, wala ndugu mmoja hapandi mara mbili.

Kifaa cha Atupele kilifungwa kwenye magari ya zamani. Wateja walikuwepo, ila ndugu walikuwa wamemwishia. Morogoro alipanda kaka yake, akashuka salama. Iringa alipanda binamu yake, naye mpaka leo anatembelea magongo. Tangu hapo shangazi na wajomba hawapokei simu. Kampuni za koo kubwa, zenye ndugu wengi wa kupanda, zilikuwa zimeshaenea hadi mipakani mwa nchi; yake ingekufa isipoingia Mbeya.

Walibaki wawili tu: mama yake, na Subilaga, bintiye wa miaka saba.

Asubuhi alimkuta mama sebuleni, ameshavaa kitenge cha kanisani.

"Mama, sijakuomba."

"Hujaniomba. Lakini jana niliona unavyomtazama mjukuu wangu. Twende."

Atupele alichukua funguo za gari.

Walipofika kwenye mteremko wa kuingia Mbeya, ukungu ulikuwa umeficha hata kingo za barabara. Alimfunga mama mkanda.

"Mwanangu, hiki kifaa chako kinaona kwenye ukungu?"

"Tumekirekebisha, mama."

"Sikukuuliza hivyo."

Atupele alifunga mlango taratibu, akarudi nyuma. Gari likaanza kuteremka lenyewe, naye akabaki akisikiliza mngurumo wake mpaka ukapotea.