Hata Mate Yangu

Siku hiyo Kashaija alikuwa mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akitafuna buni kama jirani aliyepita kusalimia. Kwenye kiti chake cha kuegemea alikaa jirani yake Protase, amevaa koti la Kashaija lililombana makwapani.

"Mzee Kashaija," alisema Salma, nesi aliyekuja na gari la mradi kutoka Bukoba mjini, akimtazama Protase, "umenielewa?"

Protase aliendelea kukuna goti.

Kashaija alikohoa. "Ta Kashaija, mzee wangu, unaulizwa!"

"Eeh! Mimi. Ndiyo," alisema Protase.

Shida ilianzia kaburini. Gaudiosa, mke wa Kashaija, alifariki akisubiri gari la wagonjwa ambalo halikuwa na mafuta. Walipomzika kibanjani, katikati ya migomba yao, mbele ya ukoo mzima na mheshimiwa mmoja aliyekuja na magari matatu, yote yana mafuta, Kashaija aliapa: "Wakubwa hawa hawapati kitu kwangu tena. Hata mate yangu!"

Kijiji kizima cha Izimbya kilisikia. Na wakubwa nao, kwa vitu vyote vya duniani, wakaja kuomba mate.

Angewafukuza, isingekuwa Alexander. Mwanawe huyo wa pekee, fundi cherehani kule Muleba, alikuwa na kisukari tangu utotoni, na siku hizi kilikuwa kinammaliza. Mradi huo wa wakubwa, wa kutafiti kisukari, ulitaka mate ya baba na ya mtoto, na Alexander alishatoa ya kwake. Wakikubaliwa wote wawili, mtoto anatibiwa bure.

"Mate ni mate," Kashaija alikuwa amemwambia Protase. "Nitolee yako, kiapo changu kisivunjike."

"Mchukue jirani mwingine, mchukue Rutaihwa," Protase alisema harakaharaka.

"Rutaihwa ana mdomo. Wewe ni mtu wa nyumba hii. Zamani nikisafiri kuuza kahawa, nyumba si nilikuwa nakuachia wewe?"

Protase akalipokea koti.

Sasa Salma alikuwa anaeleza kwamba mate yatakaa kwenye friji miaka mingi, na madaktari ambao leo bado ni watoto watakuja kuyapima wakitafuta dawa. "Ni hiari yako, mzee. Ukibadili mawazo unatuambia, tunayaondoa."

"Umeme ukikatika?" aliuliza Kashaija kutoka kwenye kigoda.

"Kuna jenereta."

"Ina mafuta?"

"Inayo muda wote."

"Mawe, mama yangu! Kumbe mate yanapata mafuta."

Salma alimgeukia Protase. "Huyu jirani yako ana maneno."

"Ndivyo alivyo," alisema Protase. "Tumeshamzoea."

Alikubali, akaweka dole gumba, akatema mate kwenye kichupa huku amefumba macho kama anayekunywa dawa chungu.

Salma alifunga boksi lake. "Haya. Kwanza mashine itahakikisha kwamba kweli huyu ni baba na yule ni mwana. Mate yasipolingana, tunawatoa wote wawili."

Gari liliondoka. Wazee wawili wakabaki wanatazamana.

Tangu hapo chakula kilimshinda Kashaija. Kumrudisha Salma ni kukiri udanganyifu. Kunyamaza ni kumnyima mtoto matibabu kwa sababu ya kiburi. Akawalaumu wakubwa, maana bila wao asingeapa. Lakini aliyekonda zaidi ni Protase. Simu ya Kashaija ikilia tu, anashtuka mpaka anamwaga pombe yake ya rubisi.

"Wewe unaogopa nini?" Kashaija alimuuliza jioni moja, wamekaa barazani na kibuyu chao. "Mtoto ni wangu, si wako."

Simu ikalia. Kashaija akaweka sauti ya juu ili wasikie wote.

"Mzee Kashaija? Salma hapa. Mmekubaliwa! Mwambie Alexander aje Jumatatu aanze matibabu. Mashine inasema wewe ndiye baba yake, haina shaka hata chembe."

Kashaija alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mtoto amepata matibabu, kiapo kimesimama, na wakubwa wameumbuka, yote kwa siku moja.

"Umesikia, Protase? Hata mashine zao hazijui kazi!"

Aligeuka. Kofia ya Protase ilikuwa imebaki juu ya kigoda, na kule chini migomba ilikuwa inatikisika, wala hapakuwa na upepo.