Breki ya Mkono

Salha alipomaliza eda, shemeji yake Makame alileta majirani wawili kulisukuma gari la marehemu. Betri ilikuwa imekufa, na kesho yake Salha alitakiwa kurudi kazini.

Aliketi kwenye usukani. Hakuhisi chochote. Hata harufu ya mumewe kitini ilimfikia kama habari ya mtu asiyemjua.

Wanaume wakainama, wakasukuma. Gari halikutikisika.

"Mnasukuma au mnaegemea?" mama mmoja akawacheka kutoka kibarazani.

"Mwanzo ndio mzito, mama," Makame akajibu, akihema. "Likishaanza litakwenda lenyewe."

Wakasukuma tena, viatu vikateleza kwenye majani.

"Shemeji, umetoa breki ya mkono?"

Salha aliitazama. Ilikuwa juu, vilevile kama mumewe alivyoivuta jioni ile aliporudi akilalamika kifua. Nguo zake zilishagawiwa, kitanda kilishatandikwa upya. Kitu hiki tu ndicho kilichobaki kama mkono wake ulivyokiacha.

"Bado," alisema. "Ningojeni kidogo."

Wakangoja, viganja juu ya bati la moto.

Akaishika breki, akabonyeza kitufe, akaishusha taratibu.

Waliposukuma, gari lilikwenda. Likashika mteremko, likawaacha.

"Achia klachi, shemeji! Achia!"

Mguu wake ulikuwa bado umekanyaga. Kwenye kioo aliwaona wamesimama, mikono wameinyoosha mbele, na nyuma yao mstatili wa majani meupe yaliyokosa jua chini ya gari.