Konzi ya Mchanga wa Matema

Nelson alikuwa ameshika konzi ya mchanga tangu boti iondoke ufukweni Matema, na sasa jasho la kiganja lilikuwa limeugeuza tope. Alitamani kuuachia palepale chini ya benchi. Lakini baba yake, mzee Geresoni, alikaa ubavuni mwake, kajikunyata ndani ya koti lililompwaya siku hizi, na joto lote lile la Ziwa Nyasa.

"Bado," mzee alisema. "Utaurusha kule mbele kabisa, kwenye ncha. Siyo hapa."

Kule mbele! Kati ya benchi lao la nyuma na ncha ya boti walijaa wanakwaya wa usharika mzima, wamebanana, wanaimba, wanaipiga picha Milima ya Livingstone, wanapitishiana samaki wa kukaanga juu ya vichwa. Matembezi ya kuburudika, eti. Nelson alihesabu pumzi kama muuguzi alivyomfundisha: nne ndani, sita nje. Akatafuta kitu kimoja cha kutazama. Akaiona ndoo nyekundu ya kuchotea maji yanayoingia botini, akaing'ang'ania kwa macho.

Si kwamba alikuwa mwoga wa kila kitu. Mtu huyu aliwahi kuua swila shambani kwa jembe bila kuita mtu. Ila watu wakizidi kumi, kifua kinambana, masikio yanavuma, na miguu inaanza kutafuta pa kukimbilia.

Miguu hiyo ndiyo iliyomwaibisha miaka miwili iliyopita, siku ya kumzika mama yake. Kijiji kizima cha Ikuti kilifurika uani. Mchungaji akawaita watoto wa marehemu watupe udongo kaburini, jina la Nelson likatajwa mara tatu, na Nelson hayupo. Alikuwa shamba la chai la jirani, amelala kifudifudi katikati ya michai, anaisikia kwaya na kujiuma mkono asilie kwa sauti.

Jamani, kwa Wanyakyusa mtoto hakosi maziko ya mzazi wake, hata akiwa mgonjwa atabebwa. Ndugu walisema yao: huyu hana moyo, huyu labda anajua kilichomuua mama yake. Mzee Geresoni peke yake ndiye hakusema neno. Kimya hicho kilimtafuna Nelson kuliko maneno yote ya ukoo.

Ndiyo maana mzee alipoleta habari ya boti, Nelson alishindwa kukataa. Sababu yenyewe alidhani anaijua: harusi. Mwezi wa tisa anamwoa Hellen, na bwana harusi hawezi kukimbilia kwenye chai. Kwa miezi mitatu mzee alikuwa akimzoeza, taratibu, bila kumkemea. Kwanza sokoni Tukuyu, dakika tano. Kisha kanisani, benchi la nyuma, halafu la katikati. Alhamisi tu ndiyo walipumzika, maana Alhamisi mzee alikwenda Igogwe hospitali, kumwona rafiki yake aliyelazwa. Leo ilikuwa zamu ya boti, kwa sababu boti haina mlango wa kutokea.

Mama mmoja wa kwaya aliwaletea sahani ya samaki. Mzee akaisogeza kwa mwanawe.

"Kula wewe. Mimi nimeshiba."

Tangu asubuhi alikuwa amekunywa chai nusu kikombe.

"Turubai nimeshaongea na Ambilikile, yule anayekodisha," akaendelea. "Mbili kubwa. Na yule fahali mweusi asiuzwe, hata aje mtu na bei gani."

"Tata, mbona haraka hivyo? Mwezi wa tisa bado uko mbali."

"Shughuli ya watu haitaki kushtukizwa, mwanangu. Siku hiyo utasimama mbele, watu wote wanakutazama wewe. Utaweza?"

Nelson aliitazama ngumi yake. Baada ya aibu aliyomtia, mzee huyu bado alikuwa na subira naye. Aliona haya mpaka machoni.

"Nitaweza."

"Haya. Nenda."

Akainuka. Bega la kwanza, bega la pili. Mtu alimkanyaga, dada mmoja akamvuta mkono acheze, akacheka peke yake alipoona hachezi. Masikio yakaanza kuvuma. Nne ndani. Katikati ya boti miguu iligoma kabisa, akageuka kurudi. Ndipo akamwona baba yake kule nyuma, amesimama kwa kujishikiza kwenye nguzo, midomo inacheza, anamhesabia pumzi.

Akageuka tena, akaenda.

Kwenye ncha upepo ulimpiga usoni. Alifungua kiganja.

"Mama, nisamehe," alisema. "Sikuwa mbali. Nilisikia kila kitu."

Akaurusha. Mwingine ulimganda vidoleni, akaukung'uta mpaka ukaisha, huku machozi yakimtoka, na hapana aliyemcheka. Njia ya kurudi aliiona fupi.

Mzee alikuwa amekaa tena, anahema kama aliyetoka kupanda mlima, lakini uso umemkunjuka kabisa.

"Umeweza," alisema. "Ee, umeweza!"

"Nimemwomba mama msamaha, tata. Nimemtupia udongo wake."

Mzee Geresoni aliuchukua mkono wa mwanawe, akaufuta matope kwa upindo wa koti, kidole kimoja kimoja.

"Mama yako alikusamehe siku ileile," alisema. "Udongo wa leo ulikuwa wangu. Igogwe wameniambia mwezi wa tisa sitaufikia."